Mto Ulioanikwa

Mke wangu aliitwa Nduku. Alikuwa mfupi, na sauti yake ilisikika ng'ambo ya mto. Kazi yake ilikuwa kufua. Akikutana na mtu mpya aliangalia kola kwanza, uso baadaye. Aliniambia alinikubali kwa sababu nilikuja kwao na shati safi. Shati lile lilikuwa la ndugu yangu. Nilikaa na siri hiyo mpaka tukawa na watoto watatu, nikamwambia. Akasema, "Nilijua. Mikono ya shati ilikufika kwenye kucha."

Nitasema habari moja tu ya maisha yake. Yeye ndiye aliyeisimulia vizuri. Sasa imebaki kwangu.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, Emajensi, ile hali ya hatari, haijaisha. Tulikuwa tumetoka Ukambani kutafuta kazi, tukakaa Ruiru, chumba kimoja nyuma ya klabu ya wazungu. Chumba kilikuwa cha kazi yake, si yangu. Nduku alifua nguo za tenisi za klabu. Kaptula nyeupe, mashati meupe, soksi nyeupe. Watu wale walikimbiza kampira kadogo kwenye vumbi jekundu wakiwa wamevaa nyeupe. Nduku alisema Mungu ndiye aliyewatia wazo hilo ili yeye asikose kazi.

Alifulia mtoni, penye mawe mapana chini ya daraja la reli. Juu zaidi mto ulipita shamba kubwa la kahawa. Humo kulikuwa na kiwanda cha kumenya kahawa, na bomba lake lilitema maganda na maji machafu mtoni. Msimu ule kahawa ilikuwa nyingi. Nguo zikaanza kuingia mtoni nyeupe na kutoka rangi ya chai. Na zilinuka, kama pombe iliyosahauliwa.

Mpishi wa klabu alikuwa Kagwe, Mkikuyu mrefu aliyependa habari mbaya. Yeye ndiye aliyempa Nduku nguo na kuzipokea. Jumatatu moja akaja mlangoni ameshika kaptula kwa vidole viwili.

"Mama Wayua, hii ni kaptura au ni kahawa?"

"Ni kaptula, na aliyeivaa ni mpana kuliko wewe."

"Memsahib amesema hivi. Jumamosi kuna mashindano, wageni wanatoka Nairobi. Nguo zikitoka tena rangi hii, kazi imeisha. Na chumba kimeisha."

"Amesema hivyo au umeongeza?"

"Ya chumba nimeongeza," Kagwe akasema. "Lakini ni kweli."

Nduku hakulala kwa raha. Sikulala pia, lakini kwa sababu nyingine. Ngoja nieleze kazi yangu.

Mimi nilikuwa mtu wa maji wa serikali. Palikuwa na mzungu Thika, wa mambo ya mito. Jina lake lilikuwa refu. Sisi tulimwita Bwana Chupa. Alitaka kujua mto wa Ruiru unachafuka wapi na kwa kiasi gani, ili serikali ijue la kufanya. Akanipa baiskeli, sanduku, na chupa sita. Kila Jumanne nilijaza chupa sita mahali sita, kuanzia juu shambani kabla ya kiwanda mpaka chini kabisa, nikazipeleka Thika. Sikujua kusoma namba. Kwa hiyo alifunga kamba ya mkonge kwenye shingo ya kila chupa. Fundo moja, mahali pa kwanza, juu kabisa. Mafundo mawili, pa pili. Hivyo hivyo mpaka sita. Mafundo manne ilikuwa hapo bombani. Mawe ya Nduku yalikuwa mahali pa tano.

Siku ya kwanza alinipa amri kwa Kiswahili chao.

"Wewe sikia. Mimi nataka chupa safi. Safi kabisa. Wewe leta chupa chafu, mimi natupa."

"Ndiyo, bwana."

Sasa, mtu akisema amekunywa chupa mbili, hakula kioo. Chupa ni kile kilichomo. Mimi nikaelewa hivyo. Nikaona ni jambo gumu, kwa sababu mto si safi. Lakini amri ni amri.

Jumanne ya kwanza nilijaza tu, nikaondoka. Pale Juja, katikati ya mkonge, kulikuwa na kizuizi cha polisi. Askari wa pale aliitwa Wamalwa, Mbukusu, mnene, mtu wa maneno. Akafungua sanduku. Akanusa chupa ya mafundo manne.

"Mkamba, hii ni pombe gani?"

"Ni maji, afande. Nampelekea mzungu."

Akaonja. Akatema. Akanitazama kwa huruma.

"Ndugu yangu, wewe una watoto?"

"Watatu."

"Basi rudi nao nyumbani. Wakati kama huu, unampelekea mzungu maji kama haya? Watasema unamtilia sumu. Utanyongwa, na mimi niliyekupitisha nitafungwa."

Nikaunganisha neno lake na neno la Bwana Chupa. Chupa safi. Sumu. Nikaona ni neno moja. Nikamwaga yote pale pale kwenye mkonge, nikarudi Ruiru nikajaza upya.

Halafu nikafanya kama anavyofanya mtu mwenye adabu anapompa mgeni maji. Nilienda kwa kinyozi nikaomba kipande cha shabu, lile jiwe anapaka shavu likikatika. Ukilikoroga kwenye maji machafu, uchafu unashikana na kushuka. Kisha nikachuja kwa kitambaa. Kila chupa kitambaa chake, ili uchafu wa chini usiingie maji ya juu. Sikutaka kumdanganya mtu. Nikafunga kila kitambaa mafundo kama ya chupa yake nisichanganye. Maji yakatoka meupe kama ya mvua.

Wamalwa akaonja tena. "Haya sasa ni maji," akasema. Kuanzia siku hiyo kila Jumanne alikunywa chupa ya mafundo manne mpaka shingoni. Alisema ina utamu kidogo.

Bwana Chupa naye alifurahi. Aliinua chupa dirishani, akaandika, akaniita boi mzuri. Vitambaa nilivitia kwenye gunia nikalificha nyuma ya kitanda. Sikuweza kuvitupa. Vilikuwa vya Nduku.

Hapo ndipo penyewe. Vitambaa sita kila wiki vinatoka wapi? Tulikuwa na shuka moja la pamba ya marekani, jeupe, la harusi yetu. Nilikata ukanda mmoja chini, upande wa miguu. Wiki iliyofuata ukanda mwingine. Nikapiga pindo vizuri.

Wiki ya tano Nduku alijifunika, miguu ikatoka nje. Akajivuta. Kifua kikatoka.

"Baba Wayua."

"Naam."

"Wewe unakua?"

"Mimi?"

"Mmoja wetu anarefuka. Si mimi."

Nikasema labda ni chakula. Asubuhi alinisimamisha mlangoni akanipima kwa mwiko.

Wiki tisa zikapita hivyo. Ndipo Kagwe akaja na kaptula yake. Na kesho yake, Jumanne, Nduku akasema, "Leo twende wote kwa huyo Bwana Chupa wako. Kazi yake si mto? Aniambie nani ananichafulia."

Nilimwambia ni mbali. Alishapanda nyuma ya baiskeli.

Alinisindikiza mpaka mtoni nikajaza chupa. Nikamwambia anisubiri barabarani, nina haja. Nikafanya haja yangu ya shabu na vitambaa vya mwisho. Tukaenda. Kizuizini Wamalwa alimsalimu vizuri, "Habari mama," akanywa chupa yake, akafuta mdomo. Nduku alimtazama mtu anayekunywa maji ya Ruiru.

Thika, Bwana Chupa alifungua kitabu kikubwa. Alikuwa amechora mto wote kwenye karatasi, mstari mmoja mrefu, na vidoti sita. Vidoti vyote vilikuwa rangi moja.

"Mto safi," akasema. "Juu safi, chini safi. Safi kushinda bomba ya Nairobi. Mimi nashangaa sana. Jumatatu mimi natuma barua. Kiwanda naomba bomba ya pili. Mimi nasema sawa, mto iko nguvu."

"Bomba la pili?" Nduku akauliza.

"Ndiyo, mama. Maji hapana chafuka."

Nduku akaziangalia zile chupa mezani. Akaziangalia muda mrefu, vile alivyoangalia kola za watu. Kisha akaniangalia mimi. Mimi niliangalia baiskeli.

Njia ya kurudi alikaa nyuma, ameshika sanduku. Tulipofika karibu na Juja akanena kwenye mgongo wangu.

"Shuka."

"Nishuke?"

"Shuka letu. Kumbe si wewe uliyekuwa unakua."

Nikasimamisha baiskeli. Nikamwambia yote, chupa safi, sumu, kinyozi, mapindo. Nikangoja. Alikaa chini kando ya mkonge, kitambaa cha kichwa kikamwanguka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, halafu alikuwa analia, halafu sikujua.

"Kwa hiyo mume wangu ameisafishia serikali mto," akasema, "na mimi ndiye nafukuzwa kwa uchafu."

"Nitamwambia ukweli."

"Utafungwa."

"Nitafungwa."

"Na huku nitakaa na nani? Kagwe?" Akafuta macho. "Hivyo vitambaa umetupa wapi?"

"Vipo. Nyuma ya kitanda."

Aliinuka. "Panda," akasema. "Endesha kama mtu."

Asubuhi ya Jumatano alimwaga gunia uani. Vitambaa sitini. Akavipanga kwa mafundo. Kisha akafunga kamba ya kuanikia kutoka mlango wetu hadi kwenye mti, mpaka kwenye choo, ikapinda pale ambapo mto unapinda. Penye bomba akasimamisha kijiti. Penye mawe yake akaweka beseni. Akaanika. Kumi vya fundo moja mwanzoni, kumi vya mafundo mawili, mpaka mwisho.

Nilisimama nikaona mto. Wa fundo moja ulikuwa mweupe. Wa pili mweupe. Wa tatu kama maziwa yenye majani ya chai machache. Wa nne, hapo kijitini, ulikuwa kama umepakwa matope na mtu aliyekasirika. Wa tano, penye beseni, hudhurungi. Wa sita ulikuwa unaanza kupona. Na kuanzia kijitini, kila mahali kulikuwa na kitambaa kimoja kisafi, cha wiki ile mashine ya kiwanda iliharibika.

"Hapo," Nduku akasema, akagusa kijiti. "Kila wiki hapo."

Jirani yetu Kanini alipita akaona kamba. Akarudi mbio kwake. Baada ya muda akaja na sufuria ya uji na wanawake wanne wa pale klabu.

"Mama Wayua, hukutuambia. Mapacha?"

"Mapacha gani?"

"Nepi zote hizi." Akaifuata kamba. Akafika penye kijiti. Uso wake ukabadilika. "Mama Wayua, huyu mtoto apelekwe hospitali leo."

Tulikunywa uji. Haikufaa kuukataa.

Sasa Nduku alijua ni wapi, bado hakujua ni saa ngapi. Alijua jambo moja: asubuhi kabisa mto huwa mzuri, lakini Kagwe hutoa nguo baada ya chai ya wazungu, na zinapofika kusuuzwa uchafu umefika. Unafika saa ngapi? Akanipa magunzi ya mahindi kumi na mawili. Niliyatupa mtoni penye bomba, kengele ya kiwanda ilipolia na matangi kufunguliwa. Yeye alingoja kwenye mawe. Hatukuwa na saa. Alitazama kivuli cha daraja.

Yalifika tisa. Mawili yalikwama kwenye matete. Moja lilifika Ijumaa.

"Kivuli kikigusa jiwe lenye ufa," akasema, "maganda yanafika."

Jioni ile alienda mwenyewe kwa Kagwe akamwambia ampe nguo za mashindano jioni hiyo, aziloweke nyumbani.

"Sheria ni asubuhi," Kagwe akasema.

"Sheria ya nani?"

"Yangu."

"Basi ibadilishe, wewe ndiye unaijua nyumba ya mwenyewe." Kagwe akampa. Nafikiri hata Kagwe hakupenda kupata mfuaji mwingine. Angezoea kumtukana nani?

Alhamisi alfajiri nilipanda baiskeli kwenda Thika kusema ukweli. Nilivaa koti nikidhani nitalala jela. Bwana Chupa alinisikiliza amesimama. Nilimwambia habari ya shabu. Nilimwambia habari ya vitambaa.

"Kwa nini?"

"Bwana ulisema unataka chupa safi."

"Chupa!" akasema. "Chupa safi! Maji chafu! Maji iko chafu, chupa iko safi, halafu..." Akashika kichwa. Alijaribu tena mara mbili, akachanganyikiwa mwenyewe, akakaa kwenye sanduku. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Hii kitambaa. Wewe iko nayo?"

Alinipakia garini pamoja na baiskeli. Askari hawakuja. Hilo nililiona ni dalili nzuri.

Alipofika uani alivua kofia. Akatembea kando ya kamba kutoka mlangoni hadi chooni, akarudi. Akatoa karatasi yake ya mstari na vidoti, akaitazama, akaikunja. Akaanza upya. Alihesabu, akanusa, akapima kamba kwa futi. Kwa mafundo manne akasimama.

"Hii moja si kama nyingine. Hii nini?"

Ilikuwa wiki ya kumi. Shuka lilikuwa limefika magotini.

"Ni kaptula yangu ya ndani, bwana."

Akaandika. Nina hakika aliandika, kwa sababu aliniuliza kama ni pamba.

Nduku hakuwepo uani. Alikuwa kwenye mawe yake, anasuuza tangu mapambazuko. Tukamfuata. Mashati yalikuwa kwenye nyasi, meupe mpaka yanaumiza macho. Bwana Chupa akaingia majini na viatu vyake na soksi zake ndefu nyeupe, akainama, akachota kwa kiganja.

"Hapa maji safi," akasema. Alianza kunitazama vibaya.

Nduku aliangalia jiwe lenye ufa. Kivuli kilikuwa kimebakisha upana wa mkono.

"Mwambie atoke," akaniambia.

"Bwana, mama anasema utoke."

"Kwa nini natoka?"

Nduku aliweka soksi ya mwisho kwenye beseni, akalipandisha kichwani, akapanda ukingoni. Akasema kwa sauti yake ile ya ng'ambo ya mto, "Kivuli."

Bwana Chupa akaangalia juu, akitafuta kivuli cha nini. Kivuli kikagusa ufa. Na hapo kona ya mto ikaleta povu, nyuma ya povu maganda, nyuma ya maganda maji rangi ya chai ya jana. Yalimfika kwenye magoti. Hakutoka. Alisimama humo akatoa saa mfukoni, akaandika. Nafikiri ile ndiyo siku niliyompenda yule mtu kidogo.

Alipotoka, soksi zilikuwa kama kahawa. Alizivua akampa Nduku kwa adabu.

"Mama, wewe nafua?"

"Kesho asubuhi," Nduku akasema. "Leo mto umefungwa."

Jumamosi wazungu walicheza wamevaa nyeupe. Nduku na mimi tuliangalia kutoka nyuma ya ua. Hakutazama mpira hata mara moja. Kagwe alikuja na trei akasema memsahib ameuliza ni sabuni gani.

"Mwambie ni kaptula ya Baba Wayua."

Kagwe hakupeleka jibu hilo. Chumba tulibaki nacho.

Barua ya bomba la pili haikuandikwa. Iliandikwa nyingine. Kabla ya mvua kiwanda kilichimba mashimo makubwa, maji machafu yakaingia humo badala ya mtoni, na sisi tulipewa kazi ya kupanda matete ukingoni kutoka bombani mpaka darajani. Nduku alisimamia. Alitumia kamba ile ile kunyoosha mistari.

Mimi niliendelea na chupa. Sasa nilipeleka maji kama yalivyo, bila shabu. Nilisahau kumwambia Wamalwa. Jumanne ya kwanza alifungua sanduku, akachukua mafundo manne kwa mazoea, akainua. Nilisema, "Afande," lakini alikuwa ameshafika nusu. Alinifukuza na bunduki mpaka mwisho wa mkonge. Haikuwa na risasi, alinieleza baadaye.

Nduku alifua miaka mingi baada ya hapo. Alikufa mwaka jana, kabla ya mvua za Novemba, hapa Thika tulipohamia. Wayua na ndugu zake walitaka kununua shuka jipya la kumvika. Nikasema wanunue, ni sawa. Lile la harusi sikuwapa. Lisingemfunika, miguu ingetoka nje, na yeye angeniuliza.

Ninajifunika hilo. Linafika magotini. Nimezoea.